Zamu ya Ndoo

Mvua ya kwanza isiyo na theluji ndani yake
huanza saa mbili usiku, na Leelo hupiga simu nyumba kwa nyumba:
"Nyuzi sita. Wanatoka."
Hakuna anayeuliza ni akina nani wanatoka.
Tunaacha supu mezani,
tunavaa fulana za njano kama wachimba barabara,
tunabeba ndoo zilizokuwa za viazi.

Hapa Estonia, kati ya msitu wa misonobari na bwawa la machimbo ya zamani,
barabara ina umri wa miaka arobaini.
Chura hajaarifiwa.
Yeye anayo ramani ya mama yake, na ya mama wa mama yake,
na katika ramani hiyo hakuna lami,
upo mteremko tu, na harufu ya maji.

Basi tunainama. Ndiyo kazi yote, kuinama.
Mgongo wa Urmas, fundi wa matrekta, unalia kama bawaba.
Unalowesha kiganja kwanza, maana mkono mkavu humchubua,
kisha unamzoa: baridi, mzito kuliko ulivyodhani,
kiazi chenye moyo.
Dume akishikwa hulalamika, kwi, kwi.
Jike hanung'uniki. Mara nyingi amembeba dume mgongoni
tangu msituni, na dume hajui hata kwamba ndoo si bwawa.
"Huyu namjua," Vaike husema,
na wanawake tunacheka gizani,
na waume zetu wanajifanya wanahesabu.

Anayehesabu kweli ni Kaarel, miaka tisa.
Daftari lake kalivika mfuko wa mkate.
Madume, mia moja arobaini na mawili. Majike, thelathini na moja.
Safu ya tatu hakuipa jina, amechora tu mstari bapa.
Humo huandika polepole,
na sisi hutazama pembeni.

Saa nne na robo, lori la maziwa.
Tunalijua. Kila usiku, kutoka mazizini hadi kiwandani,
tani kumi na mbili na dereva asiyepunga mkono.
Mwaka juzi lilipita. Mwaka jana lilipita
nasi tumesimama mtaroni tukisikiliza,
na sitasema tulisikia nini.

Safari hii Leelo hakupunga tochi, hakupiga kelele.
Alikwenda katikati ya lami, na miaka yake sabini na mmoja,
akachuchumaa, akaendelea kuokota.

Breki. Mvua ikichezacheza ndani ya taa kama pumba.
Dereva akashuka (kijana, kumbe kijana!) matusi yako tayari kinywani,
akatazama chini,
asijue mguu wa pili auweke wapi.
Akabaki hivyo, mguu mmoja hewani,
korongo asiye na njaa.
Vaike akampa ndoo.

Ipo methali ya kelele za chura
na ng'ombe anayekunywa maji hata hivyo.
Mimi nimeona ukimya wa chura
ukizuia maziwa ya ng'ombe mia mbili
kwa dakika ishirini na tano, taa zimezimwa,
na dereva akiuliza kwa sauti ya chini,
"Na huyu? Huyu naye anaelekea huko huko?"

Huko huko. Tuliinamisha ndoo ukingoni,
wakatumbukia mmoja mmoja bila kugeuka,
bila asante, na asante ya nini,
barabara ni yetu.

Jina la kijana hatukuliuliza.
Kaarel kamwandika pembeni mwa ukurasa: Lori, 19.

Kesho yake theluji ilirudi, hakutoka hata mmoja.
Tukala supu ya jana.
Asubuhi kunguru walikuwa kwenye kona ya kanisa,
wanatembea taratibu kama watu waliokwisha kulipwa,
maana pale hatuna mtu wa kusimama.
Ndoo ipo.